Blanketi Kutoka Mbulu

Bibi Philomena alikuwa amechoka. Alikuwa ameshafua nepi, ameshachota maji, ameshakoroga uji wa ulezi, na asubuhi yenyewe bado mbichi. Mgongo ulimuuma. Magoti yalimuuma. Jamani, kumhudumia mzazi aliyetoka kujifungua si kazi ya mtu wa umri wake! Lakini nani mwingine angekuja? Mkwewe, Mwanaharusi, ni mtu wa Pangani, na ndugu zake wote wako huko pwani. Ndiyo maana Philomena alipanda basi kutoka Mbulu, akashuka Babati mjini, akaja hapa Nakwa nyumbani kwa mwanawe Nestory.

Hakuja mikono mitupu. Alileta blanketi la sufu. Kwa miaka mingi alilitunza kwenye sanduku la bati pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu wa nguo, vyenye harufu kali. Wengine huviita naftalini. Mbulu kuna baridi ya kuingia mpaka kwenye mifupa, na watoto wote wa Philomena walikua ndani ya blanketi hilo. Sasa alifunikwa nalo mjukuu wake Elieza, aliyezaliwa juzijuzi tu.

"Mama, njoo umtazame," Mwanaharusi aliita kutoka chumbani. "Macho yake yana njano."

Philomena akaingia, akamfunua mtoto usoni. Kweli, macho yalikuwa ya njano.

"Wachanga wengi huwa hivyo," alisema. "Tutamwanika juani. Itaisha."

"Hata kwa Alois ulisema hivyohivyo."

Alois alikuwa mtoto wa kwanza wa Mwanaharusi. Naye alipata njano. Naye alifunikwa blanketi lile, akaanikwa juani, akafa akiwa bado mchanga kabisa. Majirani mpaka leo humwita Mwanaharusi Mama Alois. Siku ya mazishi, Philomena alisema mbele za watu kwamba damu ya pwani haipatani na damu ya milimani. Alisema kwa uchungu, lakini alisema. Mwanaharusi hakusahau neno lile.

"Mfunike vizuri basi, asipigwe na baridi," Philomena alisema, akarudi kwenye nepi zake.

Mchana Elieza akaacha kunyonya. Alilegea. Mkojo kwenye nepi ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Mwanaharusi akachukua simu, akampigia mumewe aliyekuwa stendi na bajaji yake.

"Baba Alois, njoo sasa hivi! Huyu simwaniki popote. Nampeleka hospitali."

Bajaji ikaja mbio. Hakuna aliyemwambia Philomena apande. Alipanda tu, akakaa pembeni.

Hospitalini walipokewa na nesi anayeitwa Irine. Alimpokea mtoto, akainamia blanketi, akanusa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Blanketi hili lilihifadhiwa na vidonge vyeupe vya nguo?"

"Ndiyo. Bila hivyo wadudu wangelimaliza."

Irine aliliondoa haraka, akamfunga mtoto kwa kitenge safi, akamwita daktari. Elieza akatolewa damu ya kupima, kisha akalazwa chini ya taa ya bluu ya kupunguza njano. Aliongezewa na damu pia. Mwanaharusi aliketi kando yake, hataki kula, hataki kulala. Kila mara mtu alipomsogelea mtoto, yeye alisimama kumlinda.

Majibu yaliporudi, Irine aliketi na familia kwenye benchi.

"Damu ya Elieza ina upungufu wa kurithi," alisema. "Kwa kifupi unaitwa G6PD. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida huwa na kinga yake. Za Elieza hazina kinga ya kutosha. Mtu wa namna hii huishi vizuri tu. Ila yapo mambo yanayozifanya chembe zake zipasuke. Baadhi ya dawa, kwa mfano. Na vidonge vile vya nguo, hata kuvuta harufu yake tu. Chembe zikipasuka nyingi, njano hupanda. Ikipanda sana, huharibu ubongo au huua."

"Lakini jua..." Philomena alianza.

"Jua la uani halitibu njano hii, bibi. Linakupotezea muda tu. Ukiona macho ya kichanga yana njano, mlete hospitali siku hiyohiyo."

"Mbona wangu hawakudhurika? Wote nimewalea na blanketi hilo!"

"Huenda hawakuurithi upungufu huu. Damu zetu hazifanani kila mahali. Palipokuwa na malaria vizazi na vizazi, kama pwani na kando ya Ziwa Viktoria, wenye upungufu huu ni wengi zaidi. Wataalamu wanasema uliwasaidia kidogo mababu zao wasiuawe na malaria. Kwenu juu kwenye baridi mbu ni wachache, na wenye upungufu ni wachache. Wachache, bibi, sikusema hawapo. Na sikoseli, ule ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ni hivyohivyo. Hakuna kabila lililosamehewa."

"Kwa hiyo ameutoa kwa mama yake?" Nestory aliuliza.

"Mvulana huurithi kwa mama, ndiyo. Kama wewe ulivyorithi hayo masikio makubwa ya bibi hapa. Umemfungulia kesi?"

Nestory akacheka kidogo, akainama.

"Hakuna aliyekosea kwa kuzaliwa na damu yake," Irine aliendelea. "Na damu peke yake isingemwangusha hivi."

Philomena alielewa yaliyobaki. 

"Na yule wa kwanza, aliyekufa na njano?" aliuliza polepole.

"Kama hakupimwa, siwezi kujua, bibi."

Philomena alimgeukia mkwewe. "Mwanangu, siku ya mazishi nilisema neno baya. Na blanketi ni langu. Sina pa kuuweka uso wangu. Nisamehe."

"Nimechoka, mama," Mwanaharusi alisema. "Leo siwezi kukujibu."

Elieza alipona. Walirudi Nakwa na Nestory akatoa vidonge vyote vya aina ileile vilivyokuwa kwenye kabati lao, akavifukia mbali na watoto. Nguo zote zikafuliwa upya, na blanketi halikumfunika mtoto tena. Mwanaharusi alijua sasa kwamba kila atakapompeleka mtoto kwa matibabu, ataje upungufu wake kabla hajapewa dawa yoyote. Kule bombani, Philomena aliwaambia wanawake wenzake bila kujificha: "Vidonge vile na mtoto mchanga, hapana. Mimi nilikosea."

Lakini nyumbani hakuomba kumshika mjukuu. Aliogopa kuambiwa hapana. Alifua, alipika, alimtazama mtoto akiwa mlangoni tu, halafu akarudi jikoni na uchovu wake. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mgongo.

Alasiri moja alikuwa uani akichambua mchele. Mwanaharusi akatoka, amembeba Elieza. Macho ya mtoto yalikuwa meupe safi. Ya mama yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, mshike," alisema. "Naenda kulala."

Philomena alifuta mikono haraka, akampokea. Ndani kitanda kikalia. Mwanaharusi alilala mpaka jioni, na hakuamka hata mara moja kuja kuangalia.