Namba Nyuma ya Inhela

Kila asubuhi ya majira ya baridi, Maren Halvorsen alikuwa na kazi moja kabla ya kwenda shule: kuondoa theluji kwenye ngazi za mlangoni, huku baba yake akiiondoa kwenye njia ya gari. Baridi ya Duluth, mji wa kaskazini mwa Marekani, haina mzaha. Mtoto wa miaka kumi na miwili huko amelizoea koleo kama anavyozoea kijiko.

Lakini Februari hiyo Maren alisafisha ngazi tatu, akapumzika, kisha tatu nyingine, akapumzika tena. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na inhela yake, kile kichupa cha kuvutia dawa, ilikuwa mfukoni. Hakuigusa.

"Leo umechoka mapema, bibi kizee?" Baba alimtania.

"Naihesabu theluji," Maren akajibu. Hakuthubutu kusema zaidi, maana maneno marefu yalitaka pumzi.

Hofu ya kuitumia dawa ilikuwa na wiki tatu sasa. Baba yake, Leif, alikuwa anaacha kazi kwenye kiwanda cha karatasi ili afungue shughuli yake ya kutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto. Maren alifurahi sana, mpaka alipomsikia Mama akisema jikoni, "Na bima ya afya je? Yetu sote imefungwa kwenye kazi yako. Ukiondoka, tarehe ishirini na nane inakufa."

Inakufa. Neno hilo halikumtoka Maren kichwani. Mwaka uliopita alilazwa hospitali siku mbili, na alijua kwamba bima ndiyo iliyolipa. Basi akaamua kivyake, bila kumuuliza mtu, kuibania dawa. Nyuma ya inhela kuna kidirisha chenye namba inayopungua kila unapovuta. Ilisomeka themanini na sita. Akaapa haitashuka.

Jumamosi wazazi walitandaza makaratasi mezani.

"Ya kiwandani ilikuwa rahisi," Baba alisema. "Kiwanda kinalipa sehemu kubwa, sisi kidogo, na daktari wa Maren yumo kwenye orodha ya wanaolipiwa. Lakini si yetu, ni ya kiwanda. Tukitaka kuendelea nayo kwa muda, wanaturuhusu, ila mzigo wote tunaubeba sisi."

"Na ya kununua wenyewe?" Mama aliuliza.

"Hiyo haijali unafanya kazi wapi. Na sheria hairuhusu wamkatae mtu kwa sababu ana ugonjwa. Ila ziko nyingi, kila moja ina lake, na ukishachagua huwezi kubadili mpaka mwaka uishe. Hii ya bei nafuu, ukiugua unajilipia kwanza mpaka kiasi kikubwa, ndipo wao waanze kulipa. Na daktari wa mapafu wa Maren hayumo kwenye orodha yao."

"Basi haitufai."

Baba akaichukua inhela iliyokuwa mezani, akaigeuza, akamwonyesha Mama. "Hebu tazama, Sunniva. Namba haijasogea wiki tatu. Mtoto ametulia. Daktari wa mapafu wa nini tena? Maren, kifua kikoje?"

"Kizima," Maren alisema. Aliogopa uongo wake, na papo hapo akajiona shujaa.

"Umesikia? Jumatatu naijaza fomu ya hii ya nafuu."

Jumatatu, darasa lilikuwa linakimbia kwenye ukumbi wa mazoezi. Katika mzunguko wa pili Maren alishika ukuta.

"Acha maigizo, we Halvorsen," rafiki yake Pakou alisema huku akicheka. Kisha akaiona midomo ya Maren imegeuka rangi, akaacha kucheka. "Vuta dawa yako."

Maren akatikisa kichwa. "Namba..."

"Namba gani? Huwezi hata kupumua, unaniambia habari za namba?" Pakou akatimua mbio kumwita Bi. Tollefson, muuguzi wa shule.

Kifua kilijifunga. Maren alivuta hewa na hewa haikuingia, akavuta tena, haikuingia. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake. Bi. Tollefson alipiga magoti, akampa dawa mara moja, mara mbili, mara nne, kisha akatoa simu. Maren akamshika mkono.

"Usiite ambulensi," alinong'ona. "Bima... inakufa."

"Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wazima wenye maumivu ya moyo," muuguzi alisema. "Kwa mtoto, ndiyo mara ya kwanza." Akapiga simu.

Hospitalini, baada ya saa mbili za kuvuta dawa kwa barakoa, Maren aliweza kusema sentensi nzima. Akawaeleza wazazi wake yote.

"Leo ni tarehe kumi," Baba alisema taratibu. "Bima ya kiwandani iko hai mpaka ishirini na nane, na mpya inaanza siku inayofuata. Hakuna siku utakayokaa bila bima, mwanangu."

"Fomu ya ile ya nafuu umeshaijaza?"

Baba akatazama simu yake. "Nilibakiza kubonyeza mara moja tu, shule ikapiga. Ningekuondolea daktari wako kwa mwaka mzima, kwa sababu niliiamini namba."

Maren akalia. "Nilidhani nawasaidia."

Wiki hiyo walichagua bima nyingine. Mchango wake wa kila mwezi ulikuwa mkubwa zaidi, lakini daktari alikuwemo, na inhela pia.

Machi ilifika na theluji yake. Maren alisafisha ngazi tatu, akasimama.

"Kifua kikoje?" Baba aliuliza.

"Kinapiga filimbi kidogo," akasema, akatoa inhela akavuta mara mbili mbele yake. Namba ikashuka.

Mama alikuwa mlangoni anawatazama. "Kupima bima ipi inatufaa ni kazi yetu wakubwa," alisema. "Lakini tukipewa afya ya uongo, tutachagua bima ya uongo. Kazi yako ni moja tu, Maren: kuumwa kwako, utuambie. Sasa mpe baba yako hilo koleo, uingie ndani."