Noah Iliyogoma Kwenda Kahama

Noah ya Bartholomeo ilipitwa na baiskeli. Si mlimani, ni kwenye lami iliyonyooka, na baiskeli yenyewe ilikuwa imepakia magunia mawili ya mkaa.

Fundi Sostenes aliiona kutoka gereji kwake, barabara ya Isaka, kama kilomita kumi kabla ya kuingia Kahama, akacheka. "Hilo gari linakuja au linarudi?"

"Acha utani, fundi," Bartholomeo alisema akishuka. "Haivuti. Nakanyaga mafuta mpaka mwisho, inanguruma tu. Niko peke yangu lakini utadhani nimepakia ukoo mzima."

Sostenes alianza na vitu rahisi, kama fundi yeyote mwenye akili zake. Alipuliza kichujio cha hewa, akabadilisha plagi, akapima koili, akashusha tangi na kukagua pampu ya mafuta. Alifungua ekzosi akiamini masega ya kuchujia moshi yameziba. Akachungulia, akaona mwanga upande wa pili. Akapiga jeki, akazungusha magurudumu kwa kidole. Yakazunguka bila kushikwa na breki. Mashine ya kupimia nayo ikasema gari halina tatizo. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Ugonjwa usioonekana ni tusi kwa fundi.

Siku ya pili, jua la saa saba likiwaka, akaitoa barabarani kuijaribu. Kuelekea Isaka ilichomoka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili. Akageuza kurudi upande wa Kahama, barabara ileile, tambarare ileile, ikawa nzito kama inaburuta gogo. Akageuza tena: nyepesi. Akageuza tena: nzito. Mara ya tatu, ikijikokota kuelekea Kahama, akasikia harufu ya baruti na tope bichi, na nyuma ya kiti chake kitu kikaanza kugonga polepole, ko, ko, ko, kama mtu anayepasua mwamba kwa nyundo na tindo bila haraka yoyote.

Akasimamisha, akashuka, akatazama. Hapakuwa na mtu. Ila upande wa kulia nyuma gari lilikuwa limebonyea, na kiti kilikuwa na shimo, kama kimekaliwa.

"Bartholomeo," alisema alipofika gereji, kwa sauti ya chini, "ulipakia nini humu?"

Bartholomeo alitazama pembeni. "Maiti. Mchimbaji wa dhahabu, aliangukiwa na duara, shimo lao la kuchimbia, huko Runzewe. Nilikodiwa nimfikishe mochwari Kahama. Ndugu hawakupatikana, wenzake wakamzika hapohapo Kahama."

"Ulimsemesha?"

Bartholomeo akatikisa kichwa.

"Wewe ni mtu mzima! Maiti huambiwa tunaondoka, huambiwa tunakata kona, huambiwa tumefika, shuka. Anaitwa kwa jina lake. Asiyeambiwa hubaki garini, akigomea kule alikopelekwa."

"Jina gani, fundi? Hakuna aliyelijua. Machimboni walimwita Bosi Kesho. Nikaona aibu kumwita marehemu Bosi Kesho, ni kama kumcheka. Nikanyamaza."

Walikubaliana Bartholomeo apande pikipiki akamlete mzee Mwigulu, mganga. Lakini uchungu wa mwanamke hausubiri mganga. Saa kumi mvua ilishuka kubwa, na Klara, mke wa Sostenes aliyekuwa mjamzito, akaja kutoka nyumba iliyo nyuma ya gereji akiwa ameshika ukuta.

"Baba, chupa imepasuka."

Mtoto wao wa kwanza walimchelewesha njiani, wakamzika. Wauguzi walishasema huyu wa pili ni wa upasuaji tu, Kahama, mapema. Gereji ilikuwa na magari manne. Matatu yalikuwa juu ya mawe, injini ziko chini. Lililokuwa zima ni moja, ile Noah.

Sostenes alimlaza mkewe kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Hakumwambia kwa nini si kulia.

Gari lilitambaa. Alikanyaga mafuta mpaka mguu ukafa ganzi, injini ikapiga kelele, mshale ukabaki kwenye ishirini, trekta likawapita, kisha mkokoteni wa ng'ombe ukawapita, na kule nyuma ko, ko, ko ikaanza, na harufu ya baruti ikajaa mpaka macho yakamwasha, na Klara akalia, "Mayu wane, mama yangu wee, Sostenes, nani huyu ananiegemea?" na Sostenes, mwanamume ambaye hakuwahi kuliomba gari lolote kitu, akaona maji ya mvua yakikimbia barabarani kwa kasi kuliko wao, akaona kaburi dogo la yule wa kwanza, akafungua mdomo bila kufikiri.

"Ndugu yangu, sikujui. Niachie nimfikishe mke wangu. Mtoto huyu nitampa jina lako."

Kugonga kukakoma. Gari likaruka mbele kama limekatwa kamba, likala zile kilomita kwa dakika chache, na Klara akapiga ukelele mmoja mwembamba. Alisema kitu cha baridi kimempita tumboni.

Mtoto alitoka salama, wa kiume. Bartholomeo alikuja hospitali kuchukua gari lake, na jioni akapiga simu akicheka, "Fundi, una mikono ya dhahabu! Sasa linapaa, huku na kule!" Sostenes akakata simu.

Mtoto alilia siku ya kwanza, ya pili, ya tisa. Philomena, mama yake Klara, hakushangaa. Mtoto akilia hivyo kuna marehemu anadai jina. Akamweka mapajani na kuwataja wafu wote wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, akisubiri atakaponyamaza. Mayala. Makoye. Eliya. Mtoto akalia tu, na nguo zake zikinuka baruti hata zikifuliwa mara mbili.

Sostenes akaenda Runzewe, akapita kambi hadi kambi. Wachimbaji walimhurumia. "Bosi Kesho? Alisema jina kaliacha nyumbani, atalirudia akipata mali. Hata kabila hatukulijua." Hapo ndipo alipoelewa kwamba ameahidi kitu asichokuwa nacho.

Mzee Mwigulu alimsikiliza, akasukuma kibuyu chake pembeni. "Kumtoa ni kumwita jina atoke. Nitamwita nani?"

"Basi nifanye nini, mzee?"

"Hukuvamiwa, mwanangu. Ulikaribisha. Subiri. Akijua kusema, atalitaja mwenyewe."

Kilio kilikoma siku ileile, chenyewe. Klara akashukuru Mungu. Sasa mtoto ana miezi kumi, mnene, mtulivu, na kila asubuhi mama yake humkalisha kwenye mkeka karibu na gereji. Klara hana hamu nyingine duniani isipokuwa kusikia neno la kwanza la mwanawe.

"Sema mama," humbembeleza. "Sema baba. Haya, baba."

Mtoto humtazama Sostenes, hupanua midomo, huvuta pumzi. Na Sostenes huacha spana chini, hukimbilia gari lolote lililo karibu, huwasha injini na kukanyaga mafuta mpaka mwisho, asije akasikia jina litakalotajwa.