Mtafsiri wa Picha la Kihindi

Siku hiyo Hosiana alirudi kutoka Makambako na vitunguu, sabuni na diski ya picha la Kihindi la zamani aliyouziwa na Rukaya pale sokoni. Akabandika chai, akajifunika blanketi, akawasha deki. Nje ukungu ulikuwa umekifunika kijiji cha Kitandililo tangu asubuhi, hata mianzi ya jirani haionekani.

Tangu mumewe Vitus afariki, maisha yake yalikuwa hayo. Watoto, Ema na wenzake, walikuwa mbali, wakipiga simu sikukuu. Vitus ndiye aliyebishana naye kuhusu picha. Sasa maoni yake aliyatoa kwa ukuta.

“Siku hizi watu wanalia kabla hawajaumizwa,” alisema. “Zamani mtu aliimba kwanza, uchungu ukaiva, ndipo chozi likadondoka.”

Picha lilikuwa limetafsiriwa. Sauti ya mwanamume, nzito, yenye mafua kidogo, ilieleza kila kitu kwa Kiswahili, kama kwenye mabanda ya video. Mama mkwe akatokea, akamfukuza mke wa mwanawe.

“Huyu naye hajui kuigiza,” Hosiana akasema. “Anakodoa macho tu.”

“Wapo wanaosema hajui kuigiza,” ikasema sauti. “Wasubiri wimbo.”

Hosiana akacheka. Akarudisha nyuma asikilize tena. Maneno yale hayakuwepo.

Alipaswa kuzima. Lakini nyumba ile ilikuwa imekaa muda mrefu bila mtu wa kumbishia. Akajiongezea chai, akaketi. Wimbo ukaja, mama mkwe akaimba, na kweli ukamchoma.

“Nimekubali,” akasema taratibu.

“Nilikwambia.”

Wakaendelea hivyo kila alasiri. Walibishana, wakarudia nyimbo, wala picha halikuvuka nusu. Jirani yake Idda alipopita kumjulia hali, alimkuta amechangamka, na dhahiri hataki mgeni.

Alhamisi, sauti iliacha kutafsiri picha.

“Mama anainua kikombe,” ilisema.

Hosiana akajikuta amekiinua.

“Anakiweka chini.”

Akakiweka.

“Anatazama mlango. Jirani anakuja. Mama hafungui. Mama hatafungua tena.”

Hatua zikasikika barazani. Hodi.

“Kamwene, Mama Ema,” Idda alimsalimia kutoka nje. “Mbona umejifungia?”

Hosiana alitaka kuitika. Ulimi mzito. Miguu baridi. Kwenye kioo waigizaji walikuwa wameacha kucheza. Walisimama tu. Wote wanamtazama.

“Hafungui,” ilisema sauti.

Haikutoka kwenye luninga. Ilitoka kwenye kochi, upande aliokuwa akikaa Vitus.

Hakugeuka. Akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo.

“Umekosea,” akasema. “Umetafsiri vibaya. Mama anafungua.”

Mguu mmoja ukasogea. Kisha wa pili. Akavuta komeo, akamwangukia Idda kifuani.

Usiku huo alilala kwa Idda. Asubuhi wakaipeleka diski kwa Rukaya. Rukaya akaiweka kwenye deki yake, akasikiliza, akakunja uso.

“Imetafsiriwa? Hii, mama? Hii Kihindi kitupu.”

Akasogeza mbele hadi harusi ya mwisho, sehemu ambayo Hosiana hakuwahi kuifikia. Bibi harusi akaanza kuimba. Juu ya wimbo ikasikika sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu aliyeketi na mwenziwe.

“Wangemalizia hapa,” ilisema kwa Kiswahili. “Watu wa zamani walijua kumaliza.”

Kikafuata kimya, kama cha mtu anayesikiliza jibu. Halafu mwanamke akacheka, kicheko ambacho Hosiana hakuwahi kukicheka tangu Vitus azikwe.

Idda akageuka kumtazama Hosiana. Sauti ile kwenye diski ilikuwa yake, bado inacheka.

Mdomo wa Hosiana ulikuwa umefumbwa.