Macho ya Maino

Haya yalimpata shoga yangu Salge, na Salge hajui uongo. Hata mchuzi wangu hajawahi kuusifu ili kunifurahisha.

Binti yake, Maino, alikufa kwa homa. Kwetu Wasantali, mchoraji huleta picha ya marehemu isiyo na mboni, na mpaka azichore, marehemu hutangatanga kipofu. Mchoraji alipokuja, Salge alimshika mkono.

"Usimtie macho. Akiiona njia, ataniacha."

"Dada, unamtesa mtoto!"

"Kwani ni wako? Nenda zako!"

Akaitundika picha, akaenda kukandika ukuta wa nje udongo mbichi. Giza lilipoingia akasikia viganja vikipapasa ukuta, pa, pa, pa, vikiupita mlango na kuzunguka tena. Kulipokucha, alama za viganja vidogo zilikuwa zimezunguka nyumba nzima.

Salge akachukua bakuli lake la shaba liwe malipo, akamkimbilia mchoraji, akamwangukia. Mboni zikachorwa.

Usiku ule ukuta haukupapaswa. Asubuhi nilimpelekea wali wa kulowekwa, nikamkuta kakaa kitandani, mashavuni ana alama za udongo za vidole vidogo, kila upande. Nikashika kitambaa.

"Thubutu unifute!"

Ukuta ulikuwa umekauka tangu jana. Udongo wa mashavuni ulikuwa bado mbichi.