Ameelezwa

Wagonjwa walikuwa watano na benchi la zahanati lilitosha watu saba, lakini asubuhi ile walikaa wamebanana bega kwa bega, wakaacha nafasi tupu mwishoni, karibu na mlango.

"Sogeeni basi, mbona mnaumizana," Wendelin alimwambia mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni.

"Pana mtu hapo, bwana dresa. Katoka kidogo."

"Nani?"

"Huyo aliyefungwa shavu."

Wendelin alichungulia nje. Mvua ilikuwa inanyesha na uwanja ulikuwa mtupu. Aliporudi ndani alisikia harufu ya mafuta ya karafuu, ingawa chupa yake ilikuwa kabatini, imefungwa, na yeye hakuwa amegusa jino la mtu kwa wiki tatu.

Zahanati hiyo ndogo ilikuwa ng'ambo ya mto kutoka Ifakara, upande wa Lupiro. Wendelin ndiye aliyekuwa dresa wake: alifunga vidonda, aligawa kwinini na aling'oa meno. Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini watu walimsifu zaidi kwa maneno yake. Aliyeng'olewa gego la mwisho, lile linaloota mtu akiwa ameshakuwa mkubwa na mara nyingi hulala upande kwa kukosa nafasi, hakuondoka kabla ya kuketishwa na kuambiwa yatakayompata. Uma pamba hii nusu saa, usiseme. Usiteme mate kwa nguvu, wala usisukutue leo. Kesho tumia maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Utavimba siku mbili tatu, usiogope. Usivute tumbaku, usinywe pombe, usifanye kazi nzito. Lala kichwa kikiwa juu. Uvimbe ukishuka shingoni au ukishindwa kumeza, rudi saa yoyote. Kisha kitabuni, mbele ya jina la mgonjwa, aliandika neno moja: Ameelezwa.

Kelestini hakuelezwa.

Alikuwa mvuvi, alikuja Jumamosi moja ya Februari, mwaka wa hamsini na sita, akiwa mgonjwa wa mwisho. Mkewe, Justa, alimsubiri nje. Gego lilikuwa kaidi, likatoka vipande viwili. Wakati huo Stefania, mke wa Wendelin, alikuwa ameshatuma ujumbe mara mbili kwamba chakula kinapoa, na kwamba ni kitoga, samaki ambaye mumewe alimpenda kuliko samaki wote wa mto ule. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya zahanati, na harufu ilikuwa inaingia dirishani. Wendelin alikuwa ananawa mikono Kelestini alipouliza, shavu limefungwa kitambaa cha kaki, "Sasa bwana dresa, baada ya hapa nitegemee nini?"

"Nenda tu," alisema Wendelin. "Utaona mwenyewe."

Akaandika Ameelezwa, akaenda kula.

Kelestini alisukuma mtumbwi kwa upondo alasiri yote hadi kambi yake ya uvuvi. Alisukutua damu kwa maji ya mto, akavuta tumbaku yake. Siku ya nne shingo ilikuwa imejaa ikalingana na taya. Siku ya sita walimzika. Mkubwa wa afya alikuja, akafungua kitabu, akaliona lile neno, akakifunga. Ndugu wa marehemu walipoambiwa kwamba mtu wao alielezwa kila kitu, walimgeukia Justa: alikuwepo, alijua, aliacha. Kabla ya matanga kwisha alikuwa amerudishwa kwa kaka yake na jamvi moja na mabakuli mawili.

Wendelin aliyasikia hayo yote, akanyamaza. Hakuwa mtu mkatili. Alijiambia atasema baada ya Pasaka, kisha akajiambia atasema mvua zikipungua.

Mtu wa kwanza kung'olewa jino baada ya mazishi alitoka damu hadi jioni. Wa pili alitoka damu siku mbili. Wendelin akayafungia makoleo sandukuni, akawa anawatuma wote Ifakara, kwenye hospitali kubwa.

Mchana wa siku ile ya benchi, wagonjwa wote walipokwisha kuondoka, alikuwa anafunga kitabu aliposikia ubao wa benchi ukilia kama unavyolia mtu mzito anapoketi. Hakuinua macho mara moja, akaendelea kuutazama mkono wake juu ya jalada, huku harufu ya karafuu ikizidi na chini yake ikipanda harufu nyingine, ya matope na pamba iliyolowa siku nyingi, mpaka alipoona kwamba kutotazama kunatisha kuliko kutazama, akainua macho na kumwona mtu amekaa mwishoni mwa benchi, mikono magotini kama mtoto wa shule, kitambaa cha kaki kimezunguka kichwa na taya, na maji yanadondoka kutoka kwenye vidole vyake bila kuacha alama sakafuni.

"Nitegemee nini?" mtu huyo aliuliza. Kitambaa hakikutikisika.

Wendelin alimweleza. Alisema yote, pamba, mate, chumvi, tumbaku, shingo, na yule alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza tena kwa sauti ileile, na Wendelin akaanza upya, na tena, hadi jua la alasiri lilipoingia mlangoni na benchi likawa tupu.

Kesho yake ilikuwa vilevile, na keshokutwa pia. Wiki ileile Stefania aliamka akiwa hawezi kufungua mdomo. Wendelin aliwasha tochi, akaona gego la mwisho limelala upande, ufizi umeiva usaha.

"Twende Ifakara," alisema.

"Kwa njia ipi?" Stefania alijibu kwa meno yaliyofumba. "Mto umemeza bonde lote na kivuko kimesimama. Si una makoleo, baba? Au mke wako hastahili?"

Wendelin alikwenda kwa Mama Tekla, mganga wa pepo, ambaye pia hakukosa misa hata Jumapili moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo dresa kaja kwa mganga. Ngoja nifagie, nisije nikaandikwa kwa uchafu." Lakini alipouona uso wake aliweka ufagio chini.

Wendelin alimsimulia yote.

"Huyo si Kelestini," Mama Tekla alisema kwa sauti ya chini. "Kelestini kazikwa, kalala. Huyo ni jini wa mtoni. Majini hawana neno lao wenyewe, huokota la binadamu lililoachwa njiani. Kaokota swali la marehemu."

"Nimemjibu mara nyingi, mama."

"Umemjibu yeye. Wenye kungoja jibu ni watu wengine, nawe unawajua. Ningeweza kukuchinjia kuku, lakini faida ningeipata mimi kwenye mchuzi."

"Nikiwaambia, ataondoka?"

"Ataondoka. Ila uongo mmoja ukibaki, hata mdogo, hicho ndicho kiti chake."

Siku hiyohiyo Wendelin alikichukua kitabu kwapani hadi Lupiro, nyumbani kwa Mzee Fulgensi, kaka mkubwa wa Kelestini, akaomba Justa aitwe kutoka kwa kaka yake. Justa alikuja akasimama mbali, karibu na kinu. Wendelin aliliwekea kidole lile neno.

"Hili niliandika mimi na si kweli. Sikumweleza. Aliniuliza, nikamwambia ataona mwenyewe."

Mzee Fulgensi alivua kofia, akaikunja. "Kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka."

Hakuna aliyeuliza haraka ya nini.

"Nilikaa nikijiuliza," Justa alisema taratibu, "siku ile anaelezwa nilikuwa natazama wapi. Nikadhani niliambiwa, nikasahau. Nikadhani kichwa changu kimeharibika." Akamtazama shemeji yake, ambaye alikuwa anatazama kofia. Kisha akamgeukia Wendelin. "Mkeo anaumwa, nasikia."

"Ndiyo. Naogopa kumgusa."

"Mng'oe. Mimi nitakuja kukaa hapo kwenye benchi, anapokaa huyo aliyefungwa shavu wanayemsema wagonjwa wako."

Alikuja kweli, kesho yake mchana, akakaa mwishoni mwa benchi na khanga yake ikiwa imekunjwa magotini. Hapakuwa na harufu yoyote ila ya spiriti. Wendelin alichoma sindano ya ganzi, akasubiri, akashika koleo. Gego lilitoka zima. Alimweleza Stefania maneno yote, polepole, huku Justa akisikiliza kila moja. Baada ya nusu saa alitoa pamba. Ilikuwa na wekundu hafifu tu, na kwa mara ya kwanza tangu Februari Wendelin alivuta pumzi hadi mwisho.

Alipokuwa anaandaa pamba ya pili, Stefania aliuliza kwa ulimi mzito, "Siku ile ya Kelestini. Justa kaniambia ulikuwa na haraka. Haraka gani?"

Wendelin aliutazama uso wake uliovimba. Alikumbuka sahani, na jinsi alivyomaliza yote, na jinsi mkewe alivyokaa akimwangalia kwa furaha.

"Wagonjwa walikuwa wengi," alisema, akamwekea pamba.

Benchi likalia. Justa, bila hata kugeuza kichwa, alijisogeza ndani kama mtu anayempisha mwenzake, na harufu ya karafuu ikapita chumbani ikifuatwa na ile ya matope, na kwenye kona ya mdomo wa Stefania ile pamba nyeupe ikaanza kujaa nyekundu, kwanza ncha, kisha nusu, kisha ikadondoka tone moja juu ya gauni, na macho yake yakamtazama mumewe bila kuelewa.

Wendelin alipiga magoti mbele yake, akamshika mkono.

"Hawakuwa wengi," alisema. "Alikuwa yeye peke yake. Ulikuwa umepika kitoga, Stefania. Harufu ilinifikia dirishani. Sikutaka kipoe."

Stefania hakuondoa mkono wake. Alifumba macho, akaiuma kwa nguvu pamba mpya aliyowekewa, na wote watatu wakangoja kuona itakuwa na rangi gani.