Kifaranga wa Buluu

Walikutana sokoni kwa wauza ndege, kila mmoja kashika upande wake wa tundu lile lile. Mmoja msusi, gauni la njano, vidole vinanukia mafuta ya nywele; mwenzake fundi friji, shati limenyooka utadhani anaoa siku hiyo. Hakuna aliyeachia. Mwisho wakainunua pamoja ile jozi ya kasuku wadogo wa kijani, tundu likatundikwa saluni, na mtaa ukapata la kusema.

"Hawa wakitotoa tu, mpenzi, naleta wazee kwenu," fundi alimwahidi.

Wakatotoa. Manyoya yalipoota, vifaranga watatu walikuwa kijani, wa nne buluu tupu. Wateja wakashangilia. Fundi akageukia mlango wa jirani, kwa kinyozi, ambako dume la buluu liliimba dirishani.

"Kijani na kijani wanazaaje buluu?"

"Waulize wenyewe," msusi alimtania.

"Dume la kinyozi limeingiaje humu? Na mwenyewe huwa anaingia saa ngapi?"

Wateja wakamgeukia msusi. Msusi aliapa kwamba dume lile halijawahi kuvuka kizingiti. Kinyozi naye akaapa. Fundi akaondoka, simu hapokei. Wazee hawakuja. Msusi akawa anasuka vichwa, na vichwa navyo vinamsuka yeye kwa maneno.

Fundi alikwenda kumgombeza muuza ndege, naye akamcheka. Buluu hujificha, alimweleza. Ndege wa kijani huibeba ndani bila kuionyesha. Kifaranga akiipata kwa baba na kwa mama, ndipo hutokea.

Akarudi saluni na pete, suti mpya mwilini.

"Nisamehe, mpenzi. Sikujua."

Msusi hakuacha kusuka. "Mimi nilikuapia, hukuniamini. Muuza ndege kakwambia mara moja, umekuja mbio."

"Msamehe, mwanangu," alinong'ona mama aliyekuwa akisukwa.

"Bibi yangu alikuwa mweupe wa kung'aa," msusi akaendelea, macho kwa fundi. "Siku nikikuzalia mtoto aliyemfuata bibi, baba yake utaanza kumtafuta nyumba ipi?"

Msusi alimtia kifaranga wa buluu kwenye tundu dogo, akamkabidhi.

"Huyu ndiye aliyetuachanisha. Kamlee."

Fundi alipopita kwa kinyozi, kifaranga alilia, na dume la dirishani likamwitikia. Saluni nzima ilisikia, hakuna aliyecheka. Msusi akamwomba yule mama ainamishe kichwa zaidi, asimwone usoni kwenye kioo.