Kila Mtu kwa Jina Lake

Kila Ijumaa jioni mji wetu mzima hunukia samaki wa kukaanga. Sisi watu wa Wisconsin hatuoni haya kwa hilo. Klabu ya Mtaa wa Nne huwasha majiko saa kumi jioni, na watu humiminika. Samaki, viazi, kabichi na mkate mweusi. Ukishashiba unacheza karata mpaka mkeo akuvute shati.

Vernon Stachowiak anakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na klabu hiyo. Alifanya kazi kiwanda cha jibini miaka thelathini na mmoja. Kisha akapata kiharusi, miguu ikagoma. Tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu.

Kutoka mlangoni kwake mpaka klabu ni hatua arobaini tu. Lakini ukingo wa barabara umeinuka sana, na hauna mteremko wa kupitisha magurudumu. Kiti hakipandi. Ijumaa ya kwanza baada ya kutoka hospitali, rafiki yake Delmar na wanaume wengine watatu walimbeba juu juu pamoja na kiti chake. Watu wakapiga makofi. Walidhani wanamfurahisha.

Vernon aliporudi nyumbani alimwambia mkewe, Arlys, "Sitabebwa tena kama gunia la viazi. Hata siku moja!"

Akaacha kwenda. Arlys akawa anamletea samaki nyumbani.

"Wamepoa," Vernon alisema kila wiki, hata kama walikuwa wanamuunguza ulimi. Arlys alijua kwamba tatizo si samaki. Mumewe alikuwa anakauka kwa upweke, na rafiki zake wakicheka ng'ambo tu ya barabara.

Mjini kwetu kuna kikundi kinaitwa Njia kwa Wote. Kina mfanyakazi mmoja tu, dada aitwaye Renata. Kikundi hiki hakigawi chakula wala nguo. Kazi yake ni utetezi, yaani kwenda kwenye baraza la mji na kudai haki ya kila mtu kupita barabarani. Baraza lilikuwa limekubali kupiga kura mwezi wa Aprili kuhusu miteremko. Lilitaka kwanza orodha ya kona zote mbaya, zisizo na mteremko. Renata alikuwa amefika nusu ya orodha, na fedha za mshahara wake zilikuwa zinaisha Desemba.

Jumapili moja ya Novemba, jirani yao Bernadine Haupt alikuja na keki ya tufaha. Bernadine ni mfanyakazi wa maktaba. Arlys alimpokea akiwa na tabasamu.

"Nimeshawachangia Njia kwa Wote," alisema. "Leo baada ya ibada nimetia bahasha kwenye sanduku lao. Nimeandika 'Familia ya Stachowiak', kama tunavyofanya kanisani."

Bernadine akaweka uma chini. "Jamani, Arlys! Siku ya Kutoa ni Jumanne!"

"Kwani Jumapili pesa hazipokelewi?"

"Zinapokelewa, na zitafanya kazi. Ila kwenye shindano hazihesabiwi. Mfuko wa jamii wa wilaya, unaokusanyia vikundi michango, utatoa tuzo kwa kikundi kidogo kitakachopata watoaji wengi zaidi siku hiyo. Tuzo hiyo inatosha mshahara wa Renata mwaka mzima. Wanahesabu watu, si ukubwa wa pesa. Mwaka jana tulikosa kwa watu tisa. Watu tisa tu! Na kila nyumba mtaa huu ilitoa bahasha moja, kwa jina la baba."

Arlys akashika shavu. Hapa kwetu kila familia ina bahasha yake moja ya sadaka. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba desturi nzuri kama hiyo inaweza kutuponza.

"Basi tuandike mimi, Arlys na paka," Vernon alisema.

"Paka hana kadi ya benki, na huo ni udanganyifu," Bernadine alijibu. "Kila mtu atoe chake, kwa hiari yake, kwa jina lake. Dola kumi zinatosha. Fungua tovuti ya mfuko mwenyewe, usifuate ujumbe wa mtu usiyemjua. Soma jina la kikundi vizuri kabla ya kulipa, kisha utunze risiti. Asiye na kompyuta aje maktaba, nitamwelekeza."

"Haya yote ya nini?" Vernon aliuliza. "Delmar ana simenti. Jumamosi moja tu, mteremko tayari."

"Barabara ni ya mji, Vern. Ukimwaga bila kibali watakuja kuvunja. Halafu kona mbaya ziko sitini na moja. Delmar atazimaliza lini, na mgongo ule?"

Vernon akacheka kidogo. "Na hao watu, nani atawaambia?"

"Wewe."

Kicheko kikakatika. "Mimi siombi. Baba yangu hakuomba, na mimi siombi."

Bernadine alimtazama. "Wale wanne hukuwaomba wakubebe. Walikubeba kwa sababu hawakujua njia nyingine ya kukusaidia. Waonyeshe basi hiyo nyingine."

Vernon alikula keki yake taratibu mpaka ikaisha.

Jumanne asubuhi Arlys alitoa dola kumi kwa jina lake, naye Vernon akatoa zake. Kisha Vernon akakaa na simu mapajani. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Arlys alijifanya anafuta vumbi. Mwishowe Vernon akabonyeza namba.

"Delmar? Ni mimi. Sikiliza, usinikatize. Nataka kuja klabu kwa magurudumu yangu mwenyewe. Nisaidie."

"Nifanye nini?"

Vernon akamweleza.

"Ah, hiyo! Mbona nimeshatoa asubuhi, kwa familia nzima."

"Mkeo ana mdomo wake?"

"Anao, tena haupumziki."

"Basi ana jina lake pia. Muulize kama anataka kutoa. Na wale vijana wako wenye kazi zao, waulize."

"Wewe Vern! Miaka miwili hunipigii simu, leo unaniamrisha?"

"Leo nimeanza. Zoea."

Alipiga simu thelathini na nne siku ile. Wengine walikataa, akawashukuru vilevile. Mchana maktabani kulikuwa na foleni, na wazee walibishana nani yuko mbele. Saa kumi na mbili jioni hesabu ilifungwa. Njia kwa Wote walipata watu mia mbili na kumi na wanne. Waliofuata walikuwa na mia mbili na wanane. Nakuambia, siku hiyo tulitembea vifua mbele, sisi ambao kuomba chumvi kwa jirani hutuchukua wiki nzima.

Renata alibaki kazini. Orodha ikakamilika. Mwezi wa Aprili wajumbe wa baraza walipiga kura, na ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wakakubali. Mwezi wa Juni mafundi wakaja Mtaa wa Nne, wakajenga miteremko pande zote mbili za barabara.

Ijumaa iliyofuata Vernon alivaa shati lililopigwa pasi. Arlys akashika mpini wa kiti.

"Achia, mama," alisema kwa upole.

Akashuka mteremko, akavuka barabara, akapanda mteremko wa pili. Hatua arobaini, peke yake. Mlangoni wanaume walikuwa wamesimama kwa safu, na Delmar alikuwa anajifuta macho kwa leso ya meza.

"Mbona mmesimama kama mnasubiri jeneza?" Vernon aliuliza. "Nipisheni."

Alikula samaki wawili na hakusema wamepoa. Kisha, karata zilipogawiwa, akatoa karatasi mfukoni na kuikunjua mezani.

"Njia ya kwenda shuleni bado haina taa za kuvukia," alisema. "Siku ya Kutoa ya Novemba si mbali. Nani ataniandikia jina lake kwanza?"